Begi Jepesi la Hatim

Katika nyumba ya Madam Abir kule Riyadh, hakuna aliyesafiri bila mikono ya Metrine kupita kwenye mzigo wake. Kupika alipika kama yeyote, kudeki alideki, lakini kufunga mizigo kilikuwa kipaji chake. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mbukusu kutoka Kimilili, Kenya, mnene, mpole, asiyependa kuulizwa habari zake, na alijua kukunja shati mpaka likalala bapa kama kitabu. Familia ikienda Dubai, ikienda Makka, ikienda kwa harusi Dammam, wa kwanza kuitwa ni Metrine.

Asubuhi moja madam aliingia chumba cha pasi na mabegi mawili ya kitambaa, laini, yasiyo na magurudumu, akayatupa mezani.

"Safari hii si kama zile, Metrine. Mimi sijawahi, ndiyo mara yangu ya kwanza. Tunaenda Jeddah kuzamia. Ni boti ambayo watu wanalala humo humo baharini. Vyumba vyake ni vidogo kama kabati, sanduku gumu halina pa kukaa. Kwa hiyo kidogo. Kidogo kabisa."

"Sawa, madam. Niweke viatu gani?"

"Viatu mafi, hakuna. Kule hakuna anayevaa viatu. Ukiingia unavivua, basi, halas."

"Na begi hili lingine?"

Madam alitazama nje dirishani. "La Hatim."

"Nalo hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Saa mafi, pochi mafi, karatasi mafi. Mashati machache tu. Nataka aende mwepesi."

Metrine aliitikia kwa kichwa. Kwa jinsi alivyojua yeye, Hatim alikuwa amekufa.

Siku alipoletwa nyumba ile kutoka uwanja wa ndege alikuta msiba. Wanawake wa abaya nyeusi walijaa sebuleni, kahawa inapita, na mama yake madam, ambaye wote walimwita Haja, alikuwa ameikumbatia picha ya kijana mwenye ndevu fupi, analia bila sauti. Metrine hakujua Kiarabu wakati huo. Alichoambiwa jikoni kwa ishara ni kwamba kuna mtu amekwenda kuzamia na maji yamemchukua. Maji hayakumrudisha. Baadaye alijua kuwa kijana wa kwenye picha anaitwa Hatim, kaka yake madam, na kwamba jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Chumba chake kilifungwa kwa ufunguo. Kila Ijumaa Haja aliagiza kifunguliwe kipate hewa, na yeye mwenyewe akipita mlangoni alisema neno la salamu kuelekea ndani, kisha akangoja kidogo kabla ya kuendelea na safari yake. Metrine hakuuliza. Katika nyumba za watu huulizi habari za wafu wao.

Sasa alipewa ufunguo. Chumba kilikuwa na baridi, na kilinuka chumvi, ingawa kutoka Riyadh kwenda bahari yoyote ni safari ya kuchosha gari. Ndani ya kabati suti ya mpira ya kuzamia ilining'inia kwenye kiango chake, imejaa mabega na mapaja kama ina mtu, ila kichwa hakipo. Metrine aliisogeza kwa kidole ili afikie mashati. Kidole kilitoka na unyevu.

Alisimama pale akifikiri. Boti ya kulala humo humo. Hakuna viatu. Hakuna saa wala pochi. Aende mwepesi. Kumbe na Waarabu wanajua, alijiambia. Kumbe na hawa wana namna ya kumsindikiza mtu ambaye hakupatikana.

Kwao Kimilili, katika ukoo wa kina Metrine, mtu akichukuliwa na mto na asionekane tena, kaburi lake haliachwi tupu. Hukatwa kigogo cha mgomba, kikavishwa nguo zake, kikalazwa kwa jina lake. Bibi yake Metrine ndiye aliyekuwa akiandaa nguo hizo, na mjukuu ndiye aliyemshikia mkasi. Vifungo hukatwa vyote, ili kisibaki cha kumfunga huku. Mifuko hushonwa midomo, asije akaondoka na mtu. Nguo hugeuzwa ndani nje, kwa kuwa huko aliko ni upande wa pili. Mwisho kabisa huwekwa fundo dogo la udongo kutoka uani kwao, ajue kwao ni wapi, asizurure akibisha milango ya watu.

Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alifanya kwa sababu alikuwa akiipangusa vumbi picha ile tangu afike, na alimhurumia kijana kwenda kule vifungo vikiwa vimefungwa. Alikata, akashona kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, akageuza. Udongo aliuchota uani chini ya mlimau, akaufunga kwenye kipande cha leso yake. Akasema sala fupi ya kanisa lao la Kikweka, akavuta zipu. Begi lilikuwa jepesi kama mto wa kulalia.

*

Walipotua Jeddah, mchana ulikuwa mweupe wa kuumiza macho na hewa nzito kama mvuke wa sufuria. Dereva aliyewapokea alikuwa Mkenya, mtu mrefu wa Vihiga aliyeitwa Zablon, aliyekuwa akitunza nyumba ya zamani ya familia katika mtaa wa Ruwais. Madam alipokuwa kwenye simu na watu wa boti, Zablon aliyapima mabegi mawili kwa mkono mmoja.

"Dada, haya ndiyo yote? Watu wa Riyadh wakija hapa huwa wanabeba mpaka jiko."

"Ndivyo alivyotaka."

"Na wewe lako liko wapi?"

"Mimi sizamii. Mimi nimekuja kufagia huko kwenu, nasikia wanaume mkiachwa peke yenu mnalea buibui."

"Wabukusu bwana! Hujafika umeshaanza."

Nyumba ya Ruwais ilikuwa mtaa mmoja tu kutoka baharini, rangi imebanduka kwa chumvi, ngazi zake za mawe zikipanda gizani. Metrine alikuwa ameweka mabegi chini ukumbini anatafuta swichi ya taa aliposikia nyayo zinashuka. Zilikuwa nyayo tupu, na zililia kila zikikanyaga, kama za mtu aliyetoka kuoga.

Mtu akatokea kwenye mwanga wa mlango. Ndevu fupi. Uso wa kwenye picha, ila umekonda, na nywele zimelowa na kulala kwenye paji.

"Ahlan," alisalimu. Aliinama, akachukua begi lake, akalitikisa kidogo. "Jepesi," akasema, kama anayejisemea, akageuka akapanda nalo. Kwenye kila ngazi aliacha alama ya unyayo wa maji.

Metrine aliliacha begi la madam pale pale. Alitoka nje kwa mlango wa jikoni mpaka gereji alikokuwa Zablon akifuta kioo cha gari.

"Zablon. Yule ni nani?"

"Nani? Hatim? Si kaka ya madam huyo."

"Yuko hai?"

Zablon aliacha kufuta. "Wewe ulidhani nani alikufa?"

Akamweleza. Walikwenda kuzamia wawili, Hatim na binamu yake Mazin, mwana wa dada yake Haja. Mazin ndiye ambaye hakupatikana. Hatim alirudi juu, lakini tangu siku hiyo hakanyagi Riyadh, hashiki simu, havai viatu, na Haja humlilia mwanawe kama naye alizama.

"Kitanda chake nakitandika mimi," Zablon alisema, akiwa ameshusha sauti. "Asubuhi nakikuta vile vile, shuka halina hata mkunjo. Lakini sakafu imelowa kutoka mlangoni hadi dirishani. Mimi sisemi kitu, dada. Nasema tu, huyu alitoka majini, lakini sijui kama alitoka kamili. Ndiyo maana madam amejifunza kuzamia mwaka mzima kwenye bwawa, amshike mkono amrudishe baharini, eti aogope mara ya mwisho. Wanaondoka leo baada ya Alasiri. Sasa mbona unanitazama hivyo?"

Metrine alimwambia kila kitu.

Zablon alimsikiliza, kitambaa kikidondosha maji kwenye viatu vyake. "Wee! Umemfungia mtu aliye hai nguo za marehemu?"

"Nilidhani..."

"Vifungo?"

"Vyote."

"Na udongo?"

"Na udongo."

"Nyinyi Wabukusu na mazishi yenu mtatumaliza." Alicheka kidogo, kicheko kikamkauka. "Hebu nisikilize. Hapa mtu akikuta fundo la udongo ndani ya nguo yake, na nyuzi za ajabu ajabu, haulizi kwenu mnafanyaje. Hiyo wanaita sihiri, uchawi. Hiyo ni askari, mama. Kuna msichana aliingia ndani kwa sababu ya nywele kwenye kitana. Nenda ukalitoe begi lile kabla halijafunguliwa. Sema umesahau kupiga pasi. Sema chochote. Na mimi hujaniambia kitu."

"Na kama asipolifungua mpaka baharini?"

Zablon alikikamua kitambaa. "Basi atavaa huko," alisema. "Sijui lipi ni baya zaidi."

*

Mlango wa Hatim ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa sakafuni, begi limefunguliwa mbele yake, shati la buluu mapajani likiwa ndani nje. Kidole chake kilikuwa kinapita polepole mahali vifungo vilipokuwa. Fundo la leso lilikuwa kando ya goti lake, bado limefungwa.

Metrine alisimama kizingitini. Uongo wa pasi aliokuwa ameuandaa ulimtoka.

"Nani amefanya hivi?" Hatim aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, bila kuinua macho.

"Mimi, bosi."

"Kwa nini?"

Chini sauti ya madam ilikuwa inasikika kwenye simu, anacheka na mtu. Neno moja tu la Hatim, na madam angepanda. Metrine alifikiria ikama yake, kibali cha kuishi nchini, iliyo mkobani mwa madam, akafikiria na mtu huyu anavaa shati lile katikati ya maji, jua likitua, hajui amevishwa nini. Akaona hawezi kumwacha aende hivyo.

"Nilidhani wewe ndiye uliyekufa, bosi," alisema. "Nisamehe. Usizivae. Hata moja usiivae." Akamweleza habari ya mgomba na vifungo na mifuko, kwa Kiingereza chake cha sekondari kilichokuwa kinajikwaa.

Maji yalidondoka sakafuni kutoka kwenye nywele za Hatim.

"Nilimshika mkono," hatimaye alisema. "Mkondo ulikuwa mkali, lakini nilimshika. Nilihisi vidole vyake vimefumbata vyangu. Nikapanda naye, nikapanda naye, nikafika juu. Nilikuwa nimeshika glavu tupu." Akakunja shati. "Tangu hapo kuna mtu anasimama mahali nilipo akingoja nimpe kitu. Sikujua ni kitu gani. Nguo hizi, kwenu, ni za mtu ambaye hakupatikana?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi si zangu. Umemfungia Mazin."

Alianza kuzirudisha ndani ya begi. Metrine alipiga magoti kabla hajajua anafanya nini, akaliwahi fundo la udongo.

"Hili lisiende. Udongo huu ni wa kwenu, wa Riyadh. Yeye hakuwa wa nyumba ile."

"Akikosa?"

"Atakuwa na nguo. Lakini hatajua njia."

Madam aliita kutoka chini, "Yalla, Hatim!" Hatim alivuta zipu, akatupa begi begani. Kwa safari yake mwenyewe hakuchukua hata shati moja.

*

Siku zile za kungoja Metrine alifagia nyumba ya Ruwais hadi juu ya milango. Sakafu ya chumba cha Hatim ilikuwa kavu. Sasa palikuwa panalowa kwingine: ukumbini, jikoni, mbele ya kila mlango kidogo kidogo, kama mtu aliyesimama, akangoja, akahamia mlango mwingine. Zablon aliacha kutania. Alihamishia godoro lake ndani ya gari.

"Wakirudi na askari, mimi sikujui," alisema, lakini alimletea chai.

Hawakuleta askari. Boti iliporudi, Zablon na Metrine walikuwa gatini. Abiria walishuka mmoja mmoja, miguu mitupu, wakichakura viatu vyao kwenye kapu kubwa mlangoni pa boti. Madam alitangulia, uso umeungua na jua na macho yameingia ndani. Alimpita Metrine bila salamu. Metrine alikaza macho kwenye ule mlango. Wakatoka wengine, wakaisha, kapu likabaki karibu tupu. Kisha Hatim akatoka. Nywele zake zilikuwa kavu. Alikuwa amevaa fulana ya kuazima yenye jina la boti, na alikuja moja kwa moja hadi alipo Metrine.

"Amelipokea begi," alisema. "Nililiachia chini kabisa, penye ukingo. Halikuzama. Lilisimama pale kama mtu anayengoja kufunguliwa. Halafu likaondoka, kinyume cha mkondo."

"Asante Mungu."

"Bado." Alimtazama dada yake aliyekuwa tayari garini. "Kila alfajiri kulikuwa na nyayo za maji. Kutoka nyuma ya boti hadi kwenye milango ya vyumba. Vyote. Walibishiwa hodi watu wasiomjua. Abir pia alibishiwa. Mara ya kwanza alifungua."

Metrine alielewa: mwenye nguo alikuwa bado anatafuta njia. Hakuuliza madam aliona nini.

"Wapi ni kwao?" aliuliza.

"Balad, mji mkongwe. Mama yake hajahama."

*

Nyumba ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya wauza vitambaa, moja ya zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe, roshani za mbao zimeinama juu ya wapita njia. Wapagazi walikuwa wanapita na marobota, wanapiga kelele watu wapishe. Ndani, ukimya ulikuwa mzito mpaka masikio yalilia.

Mama yake Mazin alikuwa mdogo wa umbo, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hatim alizungumza naye kwa muda, amepiga magoti. Madam Abir alisimama karibu na dirisha, mkoba ameubana kifuani, akitamka "astaghfirullah" kila mara. Metrine alibaki mlangoni. Alijua kuwa kinachosemwa kwenye chumba kile kinaweza kumfungulia njia ya kwenda nyumbani au njia ya jela, na Kiarabu kile kilikuwa cha haraka kumpita.

Mama akamwita kwa kidole. Akaishika mikono yake, akaigeuza, akatazama ncha za vidole.

"Ulimpa mashati gani?" aliuliza. Hilo Metrine alilielewa.

"La buluu, mama. Na meupe."

"Mikono mirefu?"

"Mifupi."

Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mtoto ametumwa shuleni bila chakula. "Huko chini kuna baridi," alisema.

Aliingia chumba cha ndani, akarudi na sweta la kijivu lenye vifungo vya mbele. Akaliweka mikononi mwa Metrine. Mikono ya sweta ilikuwa na unyevu. Metrine alimtazama Hatim, Hatim akatazama sakafu.

"Mkasi," mama alisema.

Hakuna aliyesogea. Kisha madam aliufungua mkoba wake. Alitoa kimkasi cha kukatia kucha, akakitazama, akautazama na uso wa mfanyakazi wake. Metrine hakuwahi kumwona na macho kama yale: hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu aliyeona kitu na hana wa kumweleza. Alimpa, akageukia dirisha.

Metrine alikata vifungo. Alishona mifuko kwa sindano ya mama, akaligeuza sweta ndani nje.

"Udongo," alisema. "Wa uani."

Nyumba haikuwa na uani. Kulikuwa na vigae, na chini ya vigae saruji. Mama alifikiri kidogo, akaenda kwenye ukuta ambapo chokaa ilikuwa imebanduka, akachukua kijiko cha chai, akaanza kukwangua jiwe lenyewe. Unga mweupe ulimwagikia kiganjani mwake, na ndani yake vipande vidogo vya matumbawe yenye matundu matundu.

"Jiwe hili lilitoka baharini, huko aliko," alisema, bila kumwambia mtu. "Atalijua."

Alikwangua upesi, kama mwenye mgeni ambaye amekwisha fika mlangoni. Metrine alilifunga fundo, akalitia ndani ya sweta, akampa Hatim, naye akalipakata kifuani na kutoka kuelekea baharini. Aliondoka peke yake, na viatu miguuni.

Madam na Metrine walifuata hadi nje. Metrine, kwa mazoea ya kazi, alishika mlango ule mzito wa mbao na kuanza kuuvuta nyuma yao.

"Uache," sauti ya mama ilisema kutoka ndani. "Uache hivyo hivyo, asibishe tena."

Wakauacha wazi, wakatembea hadi kwenye gari bila kugeuka, na wapagazi walipishana nao kichochoroni na marobota yao, wakipiga kelele watu wapishe.